Pindo

Saa nane na robo za usiku, Punta Arenas.
Bati la paa linagonga meno.
Upepo umepanda kutoka mlango-bahari bila hodi,
nami niko macho bado,
pini tatu mdomoni,
goti moja juu ya koti la mtu nisiyemjua.

Wanasema, hao wanaosema, kule juu ya ramani,
kwamba msimu huu ni wa rangi ya siagi,
wa suruali pana kama mapazia,
wa hariri, wa mabega wazi,
na viatu vya kamba mbili, kidole kikipunga hewa.
Kidole!
Hapa ni Juni.
Jua linaingia kazini karibu saa nne asubuhi,
saa kumi na moja na nusu limeshakunja virago.
Nikivaa hiyo hariri yao
watanikuta nimekauka kituoni kama samaki wa chumvi,
lakini wa rangi ya siagi.

Na wao majani yakiwapukutikia,
watatuamuru sufu nzito, kahawia ya njugu,
wakati sisi tunafungua vifungo.
Sijui basi kama nimechelewa miezi sita
au nimewatangulia miezi sita.
Usiku nahesabu vyote viwili,
kutegemea chai imebaki kiasi gani.

Kaka yangu Yerko, anayeendesha lori la kondoo,
amechungulia mlangoni na soksi zake mbilimbili:
"Danitza, nani atakuona?"
Akaenda kulala.
Swali amelisahau hapa, kama mtu anavyosahau kofia.

Mama hajawahi kuniuliza.
Mama anamenya kaa kiwandani,
kofia ya wavu, aproni ya plastiki ya bluu,
buti nyeupe za mpira hadi magotini,
vazi moja, miaka kumi na mmoja, majira yote.
Mwezi uliopita nikaziona buti zile zile pichani,
nyeupe, za mpira, hadi magotini,
miguuni mwa msichana mwembamba aliyenuna,
bei yake mishahara miwili ya mama.
Nikamwonyesha.
Akaisogeza picha mbali na macho, akaileta karibu,
akacheka mpaka akashika meza.
"Na harufu," akauliza, "wanaiuza kando?"

Koti hili nililitoa kwenye robota la mitumba,
chini kabisa, chini ya sweta za watoto.
Ndani ya kola mtu ameshona jina kwa uzi mwekundu:
H. Lindqvist.
Mfukoni mlikuwa na tiketi ya tramu, imefuliwa ikawa unga.
Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri maungo.
Hii sikuiazima.
Lakini kila nikipitisha mkasi kwenye mgongo wake
nasema samahani, kwa sauti, kama mjinga.

Ninachofanya ni hiki, na hakimo katika picha yoyote:
katika pindo natia risasi za nyavu,
ndogondogo, za kijivu, moja kila vidole vinne,
kwa sababu mji huu hufunga kamba barabarani
watu wajishike siku za dhoruba,
na sketi zangu zote hapa zimenisaliti
mbele ya benki, mbele ya kanisa, mbele ya profesa Mihovilovic.
Ishirini na sita. Ishirini na saba.
Uzi umekatika. Ishirini na saba, tena.

Saa tisa nikalivaa juu ya nguo za kulalia,
nikatoka hadi kona.
Upepo ukaja kwa mikono yote.
Ukachukua nywele, ukachukua pumzi,
ukalishika koti mabegani ukalitikisa kama mdai,
na pindo, pindo halikuinuka.
Lilining'inia zito, limenyooka, likigongagonga ndama za miguu yangu
kama mtu anayekumbusha jambo.

Mbwa mmoja alitazama. Akaendelea na safari yake.

Nimerudi. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia
kwa upana wa kidole.
Kesho nitaufumua.
Jina la kwenye kola nimeliacha.